Kopo la Kuniamshia

Nianze na jogoo, maana nisipowaambia mimi, mtaambiwa na jirani yangu, na yeye huongeza chumvi. Nilimchinja kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kisu cha kukatia mkate, kwa kosa la kutowika. Nilikuwa nimechelewa kazini siku hiyo na nilitaka mtu wa kulaumu. Tukamla kwa ugali, mimi nikisifu mchuzi. Kesho yake Mama Kerubo, jirani yetu wa upande wa bondeni, akachungulia juu ya ua.

"Baba Moraa, jogoo wako yuko wapi? Leo sijamsikia."

Nikamwambia nimemchinja. Ni mvivu, hawiki.

"Hawiki? Huyo ndiye huniamsha nikamue. Jana aliwika mpaka nikamtukana."

Basi. Jogoo aliwika, dirishani pangu, kwa wakati wake, na mimi nikamla. Sina la kujitetea isipokuwa kwamba sikusikia, na hilo ndilo jambo lenyewe ninalotaka kuwaambia nyinyi vijana wa kazi za alfajiri: wa mikate, wa maziwa, wa majani chai, wa boda boda.

Wiki iliyopita kijana mmoja hapa Kebirigo alifukuzwa kazi kwa kuchelewa, na watu wazima na mvi zao wakakaa kibarazani wakimcheka. Ati mvivu. Ati mlevi. Mlevi gani? Kijana yule hata chang'aa akiiona atadhani ni maji ya betri. Nilikasirika mpaka chai ikanipoa mkononi. Ndiyo maana nimechukua kalamu, mimi ambaye tangu nitoke sekondari sijaandika kitu kirefu kuliko orodha ya sokoni.

Sikilizeni. Uvivu na usingizi mzito ni vitu viwili. Mvivu anasikia akiitwa, anajifunika. Sisi wengine hatusikii. Ukitutikisa tunajibu vizuri kabisa, "Ee, nimeamka, nakuja," kwa sauti ya mtu mwenye akili zake, na wakati huo huo tumelala fofofo. Asubuhi unaambiwa, "Lakini ulinijibu!" Nilikujibu mimi? Aliyekujibu simjui. Mtafute huyo umkate mshahara.

Mimi nilioka mikate hapa hapa sokoni tangu ujana hadi magoti yalipokataa kusimama mbele ya tanuri. Wenzangu walikwenda Nairobi, wengine Mombasa. Mimi hata Kisii mjini nilikwenda kwa sababu maalum na kurudi kabla chai ya jioni haijachemka. Nikilala kitanda cha mtu mwingine naota ndoto za mtu mwingine. Na katika kazi zote za dunia nikachagua ile inayomtaka mtu aamke kabla ya ndege, mimi ambaye nyumba ikishika moto mtanitoa pamoja na godoro.

Mtasema, si ulikuwa na mke? Nilikuwa naye, na bado ninaye, Mungu amweke. Lakini Kemunto ananishinda. Mimi hulala kama gogo, yeye hulala kama gogo lililozikwa. Mama yangu alipokuja kututembelea mara ya kwanza alibisha mlango hadi akaenda kunywa chai kwa Mama Kerubo, akarudi, akabisha tena. Tulipofungua alituuliza kama hapo ni nyumbani au ni makaburini.

Sasa muelewe kazi yenyewe, maana siku hizi mnanunua mkate kwenye karatasi la kumetameta na hamjui ulitoka wapi. Bekari ilikuwa ya Mzee Onchari, mzee wa kanisa la Sabato, mtu mrefu, msafi, asiyecheka ovyo. Ni yeye aliyenifundisha. Jioni tulikanda unga na hamira, tukaulaza katika sanduku kubwa la mbao, tukaufunika. Usiku kucha unaumuka wenyewe. Alfajiri lazima mtu awe pale kuwasha tanuri, kuukata, kuupima na kuufinyanga, ili mikate itoke ikiwa moto na kubebwa hadi Ikonge na Ekerenyo kabla watu hawajaingia kwenye chai. Mchuma chai hali mkate wa adhuhuri. Ukikosa kinywa chake asubuhi, umemkosa.

Mzee hakunifundisha kwa saa. Alinishika mkono, akaubonyeza kwenye unga. "Kidole kikiacha shimo na shimo lirudi polepole, uko tayari. Likirudi haraka, ngoja. Lisiporudi, umechelewa, na mimi nitakutafuta." Nimeoka miaka yote hiyo kwa kidole hiki, na bado ni kizima.

Kuchelewa ndiko kulikoniua. Unga hausubiri mtu. Ukiachwa unapanda, unasukuma kifuniko, unamwagika nje na kutambaa sakafuni kama mtu anayekutafuta. Asubuhi moja nilifika jua limeshatoka, nikaukuta mlangoni. Mlangoni kabisa! Na Mzee Onchari amesimama juu yake na viatu vyake safi.

"Mokaya," akasema, "nimekuonya kama mwanangu. Unga ukimwagika tena, kaa kwako. Kwako unapapenda."

"Mzee, usingizi wangu ni ugonjwa."

"Basi lala hapa bekari, juu ya magunia. Mkate ukiamka utakuamsha."

Nikakataa. Ndiyo, mtu aliyekwisha kupewa onyo la mwisho alikataa. Nilimwambia mimi ni mtu wa familia, siwezi kulala na unga. Akasema, "Haya. Utajua mwenyewe." Moraa alikuwa mdogo bado, Kemunto alikuwa na mimba ya pili, na bekari nyingine haikuwapo karibu. Kufukuzwa pale kulikuwa na maana ya kupanda basi na kwenda kuota ndoto za watu Nairobi.

Ndipo ikaja habari ya kamba. Nilisokota kamba ya maganda ya mgomba, nikafunga upande mmoja kwenye kidole gumba cha mguu, upande wa pili nikautoa dirishani hadi kwenye ua. Mama Kerubo akienda kukamua, avute. Kwa siku chache ilikuwa raha. Kisha mwili wangu ukajifunza. Hadi leo sielewi, na ninaona haya kusema, lakini usingizini nilikuwa nikijifungua ile kamba na kuifunga kwenye mguu wa kitanda. Fundo zuri, imara. Mama wa watu alivuta asubuhi moja mpaka kitanda kikasogea, Kemunto na mimi tumo ndani tumetulia.

Alipoacha kazi hiyo hakuzunguka. "Mimi nina ng'ombe mmoja wa kukamua asubuhi," akaniambia. "Sitaki wa pili."

Saa ya mezani je? Ilikuwepo. Nilinunua ile ya kengele mbili kichwani. Nikaizima usingizini. Nikaiweka kabatini, nikaamka nikaizima, nikarudi kulala, sina habari. Nanyi msinicheke na simu zenu. Nawaona wajukuu wangu: simu inalia, kidole kinatoka chini ya blanketi kama nyoka, kinaigusa, inanyamaza. Inalia tena, kidole kinatoka tena. Mmenunua kengele inayokubali kuambiwa "ngoja kidogo"! Aliyetengeneza kitu hicho hajawahi kuajiriwa na Mzee Onchari.

Sasa kopo. Ningependa kusema niliketi nikafikiri. Sikufikiri. Jioni moja Mzee alinipa donge la unga uliobaki, nimpelekee Kemunto apike mandazi. Nilifika nimechoka, nikalitia kwenye kopo tupu la mafuta ya kupikia, nikaliweka juu ya kabati na kulifunika kwa sahani ya bati. Kemunto alipoosha vyombo akarundika vijiko juu ya sahani hiyo, maana kwetu kila kilicho bapa ni meza. Tukalala. Alfajiri donge likaumuka, likapanda hadi mdomoni mwa kopo, likaisukuma sahani, na sahani pamoja na vijiko vyote ikaanguka juu ya karai la kufulia lililokuwa limeinamishwa sakafuni.

Enyi vijana! Kelele ile sijawahi kuisikia tena. Ilikuwa kama mabati ya shule yameng'olewa na upepo. Kemunto alikuwa amesimama wima kitandani akiita, "Yesu! Yesu!" Mimi nilikuwa chini tayari, sijui nilifikaje. Tukatazamana, watu wawili ambao hawajawahi kuonana alfajiri tangu waoane.

Kisha Kemunto akasema polepole, "Hiyo… iweke tena kesho."

Kwa hiyo msije mkasema ni uvumbuzi wangu. Wa kwanza kuuona ni yeye. Mimi niliuona kama ajali.

Siri yake ni hii. Kengele ya saa ukiizima, imezimika. Karai ukilizima, limekwisha kulia. Hakuna cha kubonyeza. Vijiko viko chini ya kitanda, vingine vimefika jikoni, mtoto analia, mbwa wa jirani wanabweka, na wewe umesimama. Ukirudi kulala hapo, basi umekufa, waite ndugu.

Kulitengeneza, chukua kopo refu, si pana. Donge lijaze kama theluthi moja tu. Kopo liwe juu, kwenye kabati au kigoda juu ya meza, na sahani ikae upande kidogo, nusura ianguke, ili unga uinyanyue kwa ukingo mmoja tu. Vijiko havitoshi kwa mtu kama mimi. Nilikwenda kwa fundi wa baiskeli, nikaomba nati na bolti zilizochakaa. Aliuliza za nini, nikamwambia za kuamkia. Akanipa bila kuuliza tena, na tangu siku hiyo alinisalimia kwa upole, kama mgonjwa.

Kosa langu lilikuwa kukanda unga wangu mwenyewe nyumbani, hamira kwa kukisia. Siku ya joto nikaamshwa wakati watu ndio kwanza wanamaliza kula. Mwezi wa saba, mnajua baridi yetu ya mwezi wa saba, ile ya kufanya ukungu ulale kwenye majani chai hadi watu wamekunywa chai, donge likakaa kwenye kopo kama jiwe. Nikaponea chupuchupu, nikakimbia na shati mkononi. Ndipo kidole changu kikanikumbusha nilichofundishwa. Nikaanza kuchukua donge kutoka sanduku lile lile la bekari, nikalifunga kopo kwa majani makavu ya mgomba na sweta kuukuu ya Kemunto ili lipate joto kama la bekari. Baridi ikiwachelewesha ndugu zake kule, linachelewa nalo hapa. Likifika mdomoni, na wao wako tayari. Sikuwa naamshwa na saa tena. Nilikuwa naitwa na mkate. Msimu mzima sikuchelewa hata siku moja, na Mzee Onchari akaanza kunisalimia kabla sijamsalimia.

Sasa niwaambie nilivyokaribia kufukuzwa.

Bekari ya Msabato hufungwa Ijumaa kabla jua halijazama. Hakuna kukanda. Sanduku linasuguliwa, linaachwa wazi likauke, na kazi inarudi Jumamosi jioni. Mimi na Kemunto ni Wakatoliki, lakini hilo nililijua kama jina langu. Na aliyekuwa akisugua sanduku kila Ijumaa ni mimi.

Ijumaa hiyo nilisugua, nikaenda nyumbani, nikalala mapema bila kopo, kama mfalme. Kemunto alikuwa Ikonge kwenye matanga ya shangazi yake, na matanga mnayajua, yanameza siku. Watu wanalala mchana, wanaimba usiku, hakuna anayejua ni jumangapi. Alirudi akanikuta nakoroma, kopo tupu kabatini. Moyo ukampasuka. Akadhani nimesahau na kazi inakwenda. Akaamsha moto, akapasha maji, akakanda donge lake mwenyewe kwa upendo wote alio nao, akapanga sahani, nati na bolti, akalala.

Alfajiri karai likalia. Niliruka kama kawaida. Mtu anayeamshwa na karai haulizi ni siku gani, anauliza suruali iko wapi.

Nilifika bekari, nikawasha tanuri. Kuni zilikuwa kavu, moto ukashika vizuri, moshi ukapanda. Kisha nikafunua sanduku. Tupu! Hata chembe. Tena safi, limesuguliwa likang'aa. Nikajiambia, wezi gani hawa, wanaiba na kuosha?

Nikatoka barabarani nikipiga mayowe. "Wezi! Wameiba unga wa Mzee! Wezi!"

Watu walitoka. Mwenye duka la mbegu alitoka na rungu. Wanaume wakaanza kufuata nyayo kwenye umande kuelekea mtoni. Mimi niliongoza, nikieleza kwa hasira ukubwa wa unga ulioibwa, na jinsi ambavyo watu wa nchi hii wameoza. Nuru ikapanda. Wakaanza kupita watu wa kanisa, wanawake na vitambaa vyeupe, watoto na viatu vilivyopakwa rangi, Biblia kwapani. Wakasimama. Hawakunitazama mimi. Walitazama juu, moshi.

Mzee Onchari akafika na koti lake jeusi.

"Mokaya, kuna nini?"

"Tumeibiwa, tata, baba yangu! Unga wote wa jana jioni!"

"Uliokandwa na nani?"

Nikageuka, nami nikautazama moshi.

"Jana jua likizama ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, mzee."

"Kwa nini hukuwa kazini?"

"Kwa sababu… tulifunga."

"Tulifunga kwa nini?"

Mwenye rungu nyuma yangu akaanza kucheka, ile ya kujizuia, inayotoka puani. Mzee hakucheka. Alitazama moshi wa bomba lake ukipanda juu ya Sabato yake, mbele ya washiriki wote aliowahubiria kwamba Sabato hafanyi kazi hata mtumishi aliye ndani ya malango yako.

"Nizime, mzee?" nikauliza.

"Ukizima unafanya kazi. Ukiuchochea unafanya kazi. Toka tu. Jua likizama, uje tuongee."

Siku hiyo ilikuwa ndefu. Kemunto aliponieleza alilofanya alicheka hadi akalia, kisha akalia hadi nikamnyamazisha. Alitaka kwenda yeye akajieleze. Nikamkatalia, na nikaanza kuzunguka uwanja nikisema peke yangu. Hebu mnisaidie kuhesabu uonevu huu! Nililala, nikaonywa. Nikaamka, nafukuzwa. Nililaumiwa miaka kwa kutosikia, na siku niliyosikia kuliko watu wote wa Kebirigo, naambiwa nimesikia siku isiyofaa. Mtu mwenye usingizi mzito afanye nini kwa dunia hii? Hata leo nikikumbuka, mshipa huu wa shingo unasimama. Nilitazama jua lile kama mtu anayetazama maziwa motoni, nalo halikuwa na haraka.

Lilipozama nilikwenda. Mzee alikuwa ameketi nje ya bekari, amevua koti.

"Hilo kopo," akasema, "kalilete nilione."

Nikaleta vyote. Akalitazama donge lililokwisha kunywea, akatia kidole, akangoja. Shimo halikurudi. Akaigeuza sahani, akahesabu bolti kimya kimya. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nilidhani ni hasira, mpaka nikaona machozi. Mtu yule alikuwa anacheka, bila sauti, kama anayeogopa kusikika hadi kanisani.

"Sikufukuzi," akasema alipopata pumzi. "Lakini kila Ijumaa kabla jua halijazama, kopo, sahani, karai na hamira yote iliyo kwako vinakwenda kwa Mama Kerubo. Avifungie. Jumamosi jioni uvichukue."

"Hata karai, mzee? La kufulia?"

"Hata karai."

Nilipaswa kushukuru. Kazi ilikuwa imebaki, Moraa angebaki karibu na bibi yake, nami katika kitanda changu, na nilioka pale hata baada ya Mzee mwenyewe kustaafu. Lakini jioni ile sikuona hayo. Niliona mtu mzima, mwenye mke na mtoto, akinyang'anywa karai kama mtoto aliyechezea kiberiti. Ijumaa iliyofuata, kabla jua halijazama, nilishuka kwa Mama Kerubo karai likiwa kichwani, bolti zikilia ndani yake kila hatua. Nilimkuta jikoni akimenya ndizi. Nikatua mzigo, nikamweleza amri yote, nikaongeza juu yake maoni yangu: kwamba nimedhalilishwa, kwamba nilikuja kazini kwa uaminifu, kwamba hakuna mahali duniani ambapo mtu huadhibiwa kwa kupiga kelele alfajiri, na kwamba nafikiria kwenda kumwambia Mzee hivyo usoni.

Alimenya ndizi yake hadi mwisho. Akaiweka majini. Akalivuta karai kwa mguu, akalisukuma ndani ya stoo, akafunga mlango, ndipo akaniangalia.

"Baba Moraa," akasema, "jogoo aliwika siku yake, ukamchinja. Wewe umewika Sabato na hujachinjwa. Nenda ulale."